Ombi Langu la Uaskari katika Mji Usiokuwepo

Kila asubuhi nyumba yetu ya Rugerero, nje kidogo ya Gisenyi, ilinuka rangi ya viatu, hata kabla ya moshi wa jikoni. Baba aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu haukukunjika tena, akavisugua viatu vyake vyeusi vya kazi mpaka vikang'aa. Kisha alivirudisha chini ya kitanda, maana hakuwa na pa kuvivaa. Alikuwa askari wa barabarani kwa miaka mingi, hadi siku lori la viazi kutoka Bugeshi lilipoteleza kwenye kona wakati wa mvua na kumgonga akiwa zamu. Mguu ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake, naye akastaafishwa kwa heshima zote, kwa barua nzuri na watu wa kumpa mkono. Lakini jirani akimuuliza habari za kazi, alijibu kwamba yuko likizo. Mwaka mzima ukapita baba yuko likizo.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, na kilichoniuma hakikuwa ule mguu. Kiliniuma kimya chake. Baba niliyemjua alikuwa akirudi jioni anaanza kusimulia akiwa bado mlangoni, na mama akimsihi avue kofia kwanza. Huyu wa sasa alijibu ndiyo, hapana, asante, basi. Mama alikuwa na meza ya vitenge sokoni mjini, na kabla ya kutoka alimwashia redio ili nyumba isipoe. Mimi na wadogo zangu tukirudi kutoka shule tuliikuta inaongea peke yake. Nilimtaka baba yangu wa zamani, yule wa maneno mengi, na sikujua nimrudishe kwa njia gani. Wala sitajisifu hapa kwamba nilitumia akili, kwa sababu mambo yalivyotokea yalinishangaza kuliko mtu mwingine yeyote.

Nyumbani tulizungumza Kinyarwanda kama watu wengi, lakini Kiswahili kilikuwa lugha ya wazazi wangu ya kutaniana. Baba alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Mama alikulia Goma, na chake kilikuwa cha kule: mutu, muzuri, iko, bon, na maneno mengine aliyoyachukua njiani. Baba alidai Kiswahili cha mama kinatembea pekupeku. Mama naye akasema cha baba kimefunga tai mpaka hakiwezi kupumua. Mimi nilichukua cha mama, kwa kuwa nilikua chini ya meza yake ya vitenge nikimsikiliza akibishana na wateja. Cha baba nilikielewa vizuri na kukisoma bila taabu, ila nikitaka kukisema kilinikwama.

Shangazi yangu alipohamia Kigali alituachia kompyuta yake ya zamani, yenye feni iliyounguruma kama kinu cha unga. Humo ndimo nilimokuwa nikichezea mchezo wa mji wa kubuni. Watu kutoka Dar, Mombasa, Bukavu na kwingineko waliingia pamoja kupitia intaneti, kila mmoja na kazi yake: muuza mikate, nesi, fundi wa magari, hata mwizi. Sharti lilikuwa moja. Ukishaingia unaongea kwa sauti yako, kwa Kiswahili, kama mtu anayeishi kweli katika mji huo. Ukisema mama anakuita kula, unapewa onyo. Mimi nilikuwa dereva wa teksi, tena dereva mbovu, na abiria wengi waliniomba niwashushe kabla ya kufika. Kazi iliyoheshimiwa kuliko zote ilikuwa uaskari. Hawakumpokea yeyote tu: ulijaza fomu ndefu, kisha ukafanyiwa usaili wa mdomo. Nikaitamani. Sitadanganya kwamba nilikuwa nikimfikiria baba. Nilitaka lile gari lenye king'ora.

Jumamosi moja nilifungua fomu, nikajibu maswali mawili matatu, nikaenda jikoni kugeuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, zisiungue. Niliporudi nilimkuta baba amesimama na fimbo yake mbele ya kompyuta, anasoma. Juu ya ukurasa yalikuwa yameandikwa kwa herufi kubwa maneno OMBI LA KUJIUNGA NA POLISI, na chini yake jina langu. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimeacha shule. Nilipoapa kwamba sijaacha, akauliza ni nchi gani inayochukua watoto wa miaka kumi na mitano. Kumweleza kulinichukua nusu saa nzima. Hakuelewa mji usiokuwepo unawezaje kuwa na polisi, wala kama wezi wa humo wanajua kwamba wao ni wezi. Nikamwambia wanajua, na wao pia walijaza fomu. Akasema afadhali wa huko wanajitambulisha.

Kisha akafika swali la nne. Liliuliza: umemsimamisha dereva aliyekuwa akienda kasi, neno lako la kwanza kwake ni lipi? Mimi nilikuwa nimejibu kwa neno moja, leseni, na alama ya mshangao mbele yake. Baba alilitazama neno lile kwa masikitiko ya kweli. Akavuta kiti, akaketi, mguu akaunyoosha chini ya meza.

"Futa," aliniambia. "Kwanza unamsalimia. Unamwambia jina lako. Yule mtu ana hofu, na mwenye hofu hasikii."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema wiki nzima. Nikafuta. Akaendelea, nami nikaandika, na tulipofika swali la sita giza lilikuwa linaingia na sambaza zimepoa. Jumamosi iliyofuata alikuwa ameketi kwenye kile kiti kabla yangu. Fomu ambayo watu huimaliza kwa saa moja tuliiandika kwa wiki tatu, kwa sababu kila swali lilimkumbusha kitu. Alinisimulia habari za bwana arusi aliyemkuta anasukuma gari lake mwenyewe akiwa na suti nyeupe. Alinisimulia juu ya mama mmoja aliyepita na gari kasi akilia, mtoto amelegea kiti cha nyuma, naye baba badala ya kuandika kosa akapanda pikipiki na kumfungulia njia hadi hospitali. Kisa hicho sikuwa nimewahi kukisikia. Mara nyingine alisahau swali kabisa na mimi sikumkumbusha. Mama alikuwa akija mlangoni na ungo wa maharage, anasimama pale akichambua yaleyale mpaka hayana hata jiwe moja. Haingii, haondoki. Siku moja alinifuata nje kwenye kamba ya nguo, akaninong'oneza, "Keza, andika polepole. Usimalize mbio." Nilimwona machoni kwamba alikuwa na hofu, na tangu hapo nikawa ninakosea herufi makusudi.

Hata hivyo fomu iliisha, tukaituma. Baada ya siku nne jibu lilikuja: maombi yangu yamepokelewa, yamesifiwa, na usaili wa mdomo ni Jumapili alasiri. Nilirukaruka uani. Baba hakuruka, lakini Jumapili tulipotoka kanisani alinitaka nivae sweta ya shule iliyopigwa pasi na kuketi wima. Nilimwambia hawatuoni, watatusikia tu. Akajibu kwamba sauti ya mtu aliyelala kwenye kiti inajulikana. Yeye mwenyewe alivaa shati jeupe. Sheria ilisema mwombaji asisaidiwe, kwa hiyo akaketi nyuma yangu karibu na dirisha na kuahidi hatatoa neno.

Aliyenisaili aliitwa humo ndani Kamanda Tausi. Kwa sauti alikuwa mwanamke mtu mzima, mpole, Mtanzania kwa namna anavyotamka. Maswali ya mwanzo niliyajibu kwa kifupi, nikijitahidi Kiswahili changu kisinisaliti. Kisha akanipa kisa. Uko zamu sokoni, akasema, unamkuta bibi kizee amepotea, hakumbuki mtaa wake, analia. Utafanya nini? Nilifurahi kwa sababu hilo nililiona jepesi, na nilipofurahi nikasahau kujichunga. Nikasema nitamusalimia, nitamupatia maji, halafu nitamukamata.

"Utamkamata?" akauliza.

"Ndiyo, nitamukamata polepole."

"Kwa kosa gani?"

Swali hilo lilinishangaza. "Hapana kosa," nikasema. "Juu ni muzee. Hawezi kutembea peke yake."

Kwa mama yangu, na kwa kila mtu aliyenilea, kukamata ni kuchukua. Unakamata chai, unakamata mtoto mgongoni, unamkamata mgeni barabarani na kumleta nyumbani. Nilikuwa nikisema kwamba nitamchukua yule bibi na kumpeleka kwake. Kamanda Tausi alisikia kwamba nitamtia pingu kwa kosa la kuzeeka. Nyuma yangu nilisikia kiti kinalialia. Nikageuka. Baba alikuwa ameinama, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, na nikadhani nimemwaibisha mpaka analia. Ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka. Nilikuwa nimesahau baba yangu anavyocheka.

Kamanda Tausi hakucheka. Aliniambia kwa upole kwamba fomu yangu ni nzuri kuliko zote alizozisoma, lakini aliyeiandika na anayeongea ni watu wawili tofauti. Akaniuliza ni nani aliyeandika. Ningeweza kumdanganya, na jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini wiki ya pili baba alikuwa amenieleza kuhusu taarifa ya askari, kwamba unaandika ulichokiona hata kama kinakuharibia kesi, na alivyonieleza nilijua halikuwa somo tu, lilikuwa limempata mwenyewe. Nikasema aliyeandika ni papa, yaani baba yangu. Akashukuru kwa ukweli wangu, na kwa ukweli huohuo akaninyima. Fomu ni lazima iandikwe na mwombaji, akasema, na huo ndio mwisho wa ombi langu hadi miezi mitatu ipite. Nililia palepale, kipaza sauti kikiwa wazi, kwa sababu nilikuwa nimesema kweli na sikuona faida yake.

Hapo ndipo baba alipovunja ahadi. Alikuja na fimbo yake, akainama karibu na kompyuta, akaomba radhi kwa kuingilia. Alisema kosa ni lake, mtoto asihesabiwe. Alieleza neno kukamata, jinsi linavyotumika huku kwetu, na kwamba binti yake hakuwa na nia mbaya na bibi wa watu. Kamanda alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, kwa sauti nyingine kabisa, yeye hufanya kazi gani, maana majibu yale hayakuwa ya mtu wa kusoma vitabuni.

Nilimtazama baba. Nilijua atakalosema, kwamba yuko likizo. Mama alikuwa ameingia, safari hii mpaka katikati ya chumba, mikono ina unga.

"Nilikuwa askari," baba akasema. Akapumua, akarudia, "Nilikuwa askari wa barabarani."

Halafu yule mwanamke akasema, "Shikamoo, afande."

Kwetu Gisenyi hatuamkiani hivyo. Baba hakuwa amelisikia neno hilo tangu aondoke Karagwe akiwa kijana, na sidhani kama alitarajia kulisikia tena katika maisha yake, sembuse likiwa limeungana na afande. Alinyooka. Aliitikia marahaba, taratibu, kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili. Mama alivuta kanga yake akafuta uso, na uso wote ukajaa unga.

Ombi langu halikufufuliwa, sheria ilikuwa sheria. Lakini Kamanda Tausi alimwomba baba aje Jumapili ijayo azungumze na askari wapya wa mji ule juu ya kumsimamisha mtu bila kumtisha. Akaja, shati limepigwa pasi. Mimi nilimbonyezea vitufe, yeye akaongea. Walikuwa saba, sauti za vijana kutoka huku na huku, na aliwarudisha kwenye salamu mpaka mmoja akalalamika kwamba wezi watakimbia. Baba akamjibu kwamba wezi wa mji huo wamejaza fomu, watangoja. Jumapili moja ikawa mbili, zikawa nyingi. Miezi mitatu ilipotimia sikuomba tena. Nilibaki na teksi yangu mbovu, na wivu kidogo, sitaficha. Kuna siku nilitamani wangemnyima yeye na kunipa mimi gari.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, nina chumba changu, na Jumapili ninapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Rugerero. Mji ule haupo tena, hata kwa ile namna yake ya kutokuwepo. Waliouendesha walipata kazi na watoto, siku moja tukaufungua mlango wake hakuna kitu. Nilidhani baba atarudi kwenye kimya chake, na wiki ile nzima mimi na mama tulikuwa tukimchungulia. Hakurudi. Alianza kwenda kituo cha moto kuwasemesha madereva vijana, akatoka hapo akajiunga na kwaya, na sasa ana la kusema juu ya kamera za barabarani, juu ya bei ya viazi, juu ya shemeji yangu. Mezani anashika kijiko, anaanza kisa ambacho wote tunakijua, na kijiko kinabaki hewani. Mama humwambia anyamaze ale, chakula kinapoa. Wadogo zangu humwambia hivyohivyo. Mimi sijawahi kumwambia hata mara moja, na ninakula chakula kilichopoa kila Jumapili.