Bibi Aliyechagua Ndege

Juma lililopita nilikuwa Homa Bay, katika duka moja linalokata tiketi za ndege, nikamkuta mama kijana aliyekuwa akimfuata mumewe masomoni London pamoja na watoto wao wawili. Mama mkwe wake, bibi ya watoto hao, alikuwa ametoka naye kisiwani Rusinga, na hakuficha alilotaka: yule mdogo, ambaye hata kutambaa hajaanza, abaki kwake.

Karani alitaja kampuni ya kwanza. Bibi akauliza, "Huyu mdogo atalala wapi?"

"Mapajani kwa mama yake."

"Usiku kucha?" Akamgeukia mke wa mwanawe. "Niachie mimi, mwanangu."

Mama kijana aliinamisha kichwa. Karani akasema ipo kampuni nyingine, yenye kitanda kidogo cha mtoto, na mhudumu wa kupasha maziwa na kumshika mtoto mama akienda msalani.

Bibi aliuliza habari za baridi. Akaambiwa blanketi zipo. Akauliza homa je? Dawa zipo. Akampapasa mtoto mgongoni.

"Na kurudi, watarudi na hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo, mama."

"Basi waandikie hiyo."

Mama kijana alimshika mkono, na wote wawili wakatazama chini.

Matangazo ya ndege husifu mwendo na chakula. Mimi ningewashauri wenye kampuni wawaeleze mabibi, kabla ya yote, habari za safari ya kurudi.