Mkoromo wa Tundu la Nne

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimefungua baiskeli, cherehani, saa za ukutani na gramafoni, na kila nilichofungua nilikifunga kikaondoka kwangu kizima. Shule nilisoma miaka miwili tu kwa mapadre. Yaliyobaki nilifundishwa na vidole vyangu, na leo hapa Kamina ukiuliza fundi, hata muuza karanga wa stesheni atakuonyesha bati jipya la duka langu. Lakini iko sauti moja ambayo nikiisikia naweka bisibisi chini. Ni sauti ya kinanda cha mdomo, kile cha kupuliza na kuvuta pumzi, ikitoka tundu la nne: krrr, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Kilikuwa kiangazi, nyasi zimechomwa kila upande, na moshi wake tuliuonja mpaka kwenye uji.

Kinanda kilikuwa cha mjomba Ngoie, kaka yake mama. Kijijini kwao, upande wa Kaniama, alikuwa mpiga madimba, yale marimba makubwa ya mbao yenye vibuyu chini. Alipokuja kubeba mataruma ya reli, madimba hayakuingia kwenye mzigo, akanunua kile kidude kwa mshahara wake wa kwanza. Jioni alikaa kwenye kigogo mbele ya nyumba yetu, bado ananuka jasho na lami, akapuliza. Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Nkambo, aliacha kutwanga muhogo ili amsikilize mwanawe. Kiangazi kile Nkambo aliugua, na kabla hajafa alimwita mjomba akamwambia, "Siku ya kuondoa matanga usinililie. Unipigie ule wimbo wa mavuno, nijue njia." Mjomba akakubali. Ahadi ni deni, na deni la marehemu halina wa kukusamehe.

Sasa nisikilizeni mimi nilivyofanya. Karani mmoja wa stesheni alikuwa na kinanda kama kile, na chake kilitoa sauti safi kama maji ya chemchemi. Nikalinganisha, nikaona cha mjomba ni kigonjwa. Nikasema moyoni, nitampa zawadi. Siku ya matanga kiimbe kama cha karani. Asubuhi moja, zikiwa zimebaki siku tatu, mjomba alipokwenda kazini nikakichukua chini ya mto wake, nikang'oa visumari, nikafunua bati la juu. Harufu ya mate ya zamani na tumbaku ikanipanda puani. Ndani, ndimi nyembamba za shaba zilikuwa zimejipanga, kila mmoja juu ya mwanya wake, na ule wa tundu la nne umeinama upande kidogo, kila ukitetemeka unasugua ukingo. Hakuna aliyenionyesha. Nilichukua wembe wa baba, nikauingiza ubavuni, nikausukuma ule ulimi kiasi cha unywele mmoja, nikainua kinanda juani mpaka mwanga ukapita sawasawa pande zote mbili. Nikapuliza. Safi! Mtoto wa miaka kumi! Wapo mafundi wenye ndevu wasioweza kazi ile mpaka leo.

Jioni mjomba akapuliza, akaacha. Akakigeuza, akakikung'uta kwenye goti, akapuliza tena.

"Nani amegusa?"

"Ni minyi, mujomba. Kilikuwa kinakoroma, nimekitengeneza."

Jirani yetu Mama Kalenga, mwanamke ambaye ulimi wake ulikata kuliko wembe wa baba, akapiga makofi. "Ee, kimekwenda masomo kwa mapadre! Kesho kitatuambia bonjour!"

Watu wakacheka, isipokuwa mjomba. Ndipo akanieleza. Kwenye madimba, kila kibuyu hutobolewa tundu, na tundu hilo huzibwa kwa ngozi nyeupe ya mayai ya buibui, makusudi, ikorome, ili mbao isiseme peke yake. Alipokinunua kinanda aliona sauti yake tupu. Ule ulimi aliupinda yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

"Sauti bila mukoromo iko uchi, mutoto," akasema. "Nkambo hataitambua."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi niliambiwa, tena kwa upole.

Zilibaki siku mbili. Nikatafuta ngozi ya buibui kwenye kuta zote za mtaa, nikaibandika chini ya bati. Pumzi ikailowesha, ikachanika. Basi nikaurudia ulimi wenyewe. Nikausukuma, ukakataa. Nikausukuma tena, tik, ukakatika, ukaniangukia kiganjani, mwepesi kama kucha. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimpelekea mjomba vyote viwili, kinanda na kile kipande. Akakitia kinanda mfukoni. "Basi," akasema, "siku ya matanga utakaa karibu na minyi."

Asubuhi ya kuondoa matanga ua ulijaa. Mjomba akaanza wimbo wa mavuno, ukaenda vizuri, ukafika tundu la nne: shaa, pumzi tupu. Akaendelea. Mzunguko wa pili, shaa tena, na mimi natamani ardhi inimeze. Mzunguko wa tatu, pumzi ilipopita tupu, nikasikia krrr nyuma yangu. Alikuwa Mama Kalenga, yule yule aliyenicheka, anatetemesha midomo yake. Shangazi zangu wakamfuata. Mjomba akanigonga kwa kiwiko: "Na weye, fundi!" Nikatetemesha midomo, machozi na kamasi vikiingia ndani, na kila lilipofika lile pengo ua mzima ukakoroma pamoja. Ahadi ikatimia. Tangu siku ile ndipo naitwa fundi.

Leo vijana wananiletea gitaa na redio, wananiambia, "Papa, iko nakoroma, tengeneza." Kabla sijashika bisibisi nauliza, "Nani alikuambia ni ugonjwa?" Wanacheka. Kamina yao imejaa sauti safi, kila baa na spika yake, wala siwalaumu, maana kwa sauti hizo nimejenga nyumba ya matofali. Lakini wanaojua wimbo wa mavuno unakoroma wapi wamebaki wachache. Mwaka huu mjomba, mzee sasa, meno matatu tu kinywani, alinitumia habari: anataka kuwafundisha wajukuu kabla hajaondoka, nimletee kinanda chenye mkoromo. Nikanunua kipya dukani kwa Mgiriki, nikaupinda ulimi wa nne kwa vyombo vyangu vizuri. Ukakatika. Nikarudi kwa Mgiriki, nikanunua cha pili na wembe kama ule wa baba, na hicho nilikipinda kutwa nzima, wateja wamepanga mstari mlangoni wananung'unika. Mjomba akapuliza mara moja tu. "Njo hii," akasema, yaani ndiyo yenyewe, akawaita watoto waje. Bei hakuniuliza. Nyinyi nitawaambia, maana mimi si mtu wa kuficha: vinanda viwili na wembe mmoja, faranga mia mbili themanini na tatu.