Mkia wa Wimbo wa Mama Namsifu

Nianze na ujinga wenyewe, kabla hamjausikia kwa watu. Sikukuu ya vijana, hapa usharikani kwetu Goba, nilipewa kusoma matangazo. Kwa nini walinipa mie, waulizwe wazee wa kanisa. Nikasoma la kipaimara, nikasoma la usafi, nikasoma la ndoa. Halafu nikaongeza la kwangu: "Tangazo la mwisho. Wimbo wa sadaka umemalizika salama. Waimbaji wote wamefika, isipokuwa Mama Namsifu, ambaye bado yuko ubeti wa tatu. Atakayemwona amwambie tumeshakaa."

Kanisa zima lilicheka. Mchungaji alijifanya anakohoa. Mama Namsifu mwenyewe alicheka, nilimwona kwa macho yangu. Maana kila mtu alijua ishu yake: kinanda kikishanyamaza, kwaya ikishanyamaza, yeye alikuwa anabaki peke yake akivuta neno la mwisho, kama abiria aliyeachwa kituoni.

Jumapili iliyofuata hakuja. Nyingine tena hakuja. Nyimbo zikawa zinaisha pap, kama umeme umekatika. Mwanzoni nilisema afadhali. Kisha nikaanza kujikamata nikisubiri. Mie Eliamini, ninayejulikana usharika mzima kwa kusinzia kwenye mahubiri, nasimama mwisho wa kila wimbo nimetega sikio, nakitafuta kitu ambacho nilikifukuza mwenyewe.

Aliyekuwa akisimama na Mama Namsifu siku zote ni mama yangu. Wote wametoka Upare, na kwa hapa Dar Mama hana ndugu wa karibu kuliko yule. Hakunifokea. Angenifokea ningepumua. Aliendelea tu kukaa palepale, akaweka mkoba wake kwenye kile kiti kitupu cha pembeni, na mtu akija akauliza, "Hapa kuna mtu?" Mama anajibu, "Yupo."

Nilimtumia Mama Namsifu ujumbe wa kuomba radhi, na vikatuni vya kulia juu yake. Akausoma, hakujibu. Mama akanikuta nimeikodolea simu.

"Ulimsema kwa mdomo, mbele za watu," akaniambia. "Sasa mpelekee huo mdomo."

Jumamosi asubuhi, Goba. Mama alinipa hotpoti la makande, chakula cha kwao, akalifunga kwa kitenge na kunionya nisiliguse. Nikaushuka mlima wetu. Huku kila nyumba iko juu au chini ya nyingine, na mvua ikinyesha barabara inaamua yenyewe ipite wapi. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya msamaha, matamu, yenye utani katikati ili asinune.

Mwenge nilishuka kubadilisha gari. Nilikatiza kwa wachonga vinyago huku nikiyarudia yale maneno kwa sauti ya chini. Jamaa mmoja akasimamisha patasi yake.

"Dogo, unasali au umechanganyikiwa?"

"Vyote, braza."

Hapo pia nilifungua hotpoti, kuhakikisha tu kwamba hayajamwagika. Yalikuwa salama. Nikahakikisha tena.

Mabibo, jua limeshachachamaa. Mama Namsifu anauza ndizi pale sokoni, lakini meza yake niliikuta imefunikwa turubai. Jirani yake ni Mzee Salim, mwenye duka la tende na viungo tangu enzi za babu yake. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Natoka Goba, mzee. Namtafuta Mama Namsifu. Tunasali naye."

Alinitazama kuanzia kandambili mpaka kichwani. "Aaa! Wewe ndiye wa matangazo!"

Nilitamani kuingia kwenye gunia la mdalasini. Wanunuzi wawili waligeuka kunitazama.

"Sie hapa alikuwaga anatuimbia tangu anafungua meza," Mzee Salim akasema, na sasa hakuwa anatania. "Mie Mwislamu, nyimbo zile si zangu. Lakini nikisikia ile sauti yake inavuta, inavuta, najua kumekucha. Siku hizi anapanga ndizi kimya kama yuko msibani. Nikamuuliza, mama, redio imeharibika? Akatabasamu tu. Habari zako nilizipata kwa wateja wa huko kwenu." Akanipa tende mbili. "Jumamosi yuko Mtoni, anafagia kanisa anakosali siku hizi. Ulizia la mabati. Nenda kamtengeneze."

Mtoni, Temeke, mchana. Kanisa lenyewe lina kuta za mabati na sakafu ya saruji yenye nyufa, na ndani ni joto kama kwenye tanuri la mikate. Mama Namsifu alikuwa ameinama na kanga kiunoni, anapiga deki. Watoto wachache walikuwa wanafuta mabenchi. Aliniona, hakushtuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua kandambili, usinichafulie."

Nikaanza hotuba yangu. Akanirushia tambara. "Kwanza mabenchi."

Nikafuta mabenchi. Nikafuta madirisha. Nikabeba ndoo za maji machafu kwenda kumwaga, watoto wakinicheka kwa jinsi nilivyojilowesha. Nilipomaliza, yale maneno niliyokuja nayo toka Goba yalikuwa yameyeyuka yote, pamoja na utani wake.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Nilitaka watu wacheke."

"Si walicheka? Hata mie nilicheka." Akakamua tambara lake. "Nilipofika nyumbani nikaanza kuosha vyombo. Nikafungua mdomo niimbe, sauti ikagoma. Nikasema, kumbe miaka yote hii wenzangu walikuwa wananivumilia."

Nikauliza nilichopaswa kuuliza kabla sijashika kile kipaza sauti. "Kwani kwa nini ulikuwa unavuta?"

Akakaa kwenye benchi nililolifuta.

"Kwetu Upare kanisa liko juu mlimani. Watu wanapanda, wengine wana watoto mgongoni, wengine wazee. Wimbo wa kwanza unawakuta njiani, basi wanaimba huku wanapanda. Sie tulio ndani hatuufungi wimbo mpaka wa mwisho aingie mlangoni. Tunamshikia. Mama yangu alikuwa na mguu mbovu, ndiye alikuwaga wa mwisho. Navuta neno, namsikia kwa mbali anakuja, anakuja. Akiingia ndo tunakaa." Akatazama mlango wa mabati. "Alishatangulia zamani. Ila koo langu limezoea kumsubiri."

Humo ndani hapakuwa na kitu cha kuchekesha. Nilitafuta, nikakosa.

"Rudi, mama," nikamwambia. "Mama yangu anakuwekea kiti."

Nikampa hotpoti la Mama, naye akaanza kufungua fundo la kitenge.

"Mwambie nimekusamehe. Kweli kabisa, nimekusamehe. Lakini kurudi ni jambo lingine, mwanangu. Nikisimama pale tena, kila nikivuta nitasikia kicheko, hata kama hakipo. Na hapa hawana kinanda. Hawa watoto wananitegemea niwaanzishie." Akafungua hotpoti, akachota, akatafuna taratibu. "Mama yako mpaka leo anaogopa chumvi." Kisha akainamia ndani ya hotpoti. "Na nani amechimba shimo hapa katikati?"

Jioni, Goba tena. Nilipanda mlima na hotpoti tupu. Mama alikuwa kibarazani anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake.

"Alikula?"

"Alikula."

"Akasemaje?"

"Amenisamehe. Chumvi haitoshi. Harudi."

Alicheka kwenye ile ya chumvi. Kisha akaingia jikoni, akakaa humo muda mrefu, na sikusikia chombo hata kimoja kikigongana.

Jumapili, kanisani kwetu. Wimbo wa kwanza ukafika mwisho, kinanda kikanyamaza, watu wakaanza kukaa. Mie nikabaki nimesimama, nikalivuta lile neno la mwisho. Sauti yangu yenyewe ndo inavunjika siku hizi, nusu ni ya mtoto, nusu ni ya mbuzi. Vicheko vikaanza kwa vijana, vikasogea mbele. Nikasikia mtu anasema, "Huyu tena!" Mpiga kinanda alinikata jicho. Hawakuamini kwamba safari hii sitanii, na siwalaumu, niliwafundisha mwenyewe kutoniamini. Nilichojifunza katika safari nzima ni hicho: kuwachekesha watu mia ni rahisi kuliko kusimama peke yako na neno moja unalolimaanisha.

Kupitia mlango ulio wazi nilimwona dada mmoja chini kabisa, ana mtoto mgongoni, anaupanda mlima wetu. Nikavuta kwa ajili yake. Nikavuta kwa ajili ya yule wa Mtoni. Pumzi ikaniishia dada yule akiwa bado getini, nikakaa.

Baada ya ibada nilimfuata Mama. Alikuwa bado mahali pake, mkoba uko kwenye kile kiti. Nikasubiri aniseme kwa kumwaibisha mara ya pili.

"Umekatisha mapema," akasema. "Mwenzangu bado yuko njiani."