Foleni ya Pampu Isiyo na Mpini

Malori ya maji yalikuwa yamegoma, siku ya tano sasa, na mtaa wetu wa Sherikat, kando ya Nile, ulikuwa umefanya jambo pekee unalolimudu: kuunda kamati. Watu saba kwa pampu moja ya mkono. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi kule Kenya, foleni nilizijua kabla ya herufi, kwa hiyo asubuhi ile nilihesabu madumu: themanini na manne. Nikarudia: tisini na moja. Mkiani hakuwa ameongezeka mtu. Foleni ilikuwa inazaa katikati, pale walipokaa jamaa wa kamati.

Sikwenda kwa ajili yangu. Jirani yangu alikuwa amejifungua siku tatu kabla, na ndani kwake yalibaki maji ya kikombe. Hajaoga, mtoto hajaoga.

"Katibu, mzazi apite mbele. Dumu moja tu."

"Mama, sheria ni sheria. Aandikwe kwenye daftari."

"Haya, nusu dumu."

"Hata robo, mama. Mpini haupo."

Ili watu wasichote kwa wizi, kamati ilikuwa ikifungua mpini wa pampu kila jioni, na mwenyekiti analala nao chini ya kitanda. Asubuhi hiyo alikuwa ameenda Thongpiny kuomba msaada kwenye ofisi za mashirika. Mpini akaubeba. Ushahidi, katibu alinieleza bila aibu, ili waamini kwamba hatuna maji.

"Mpigie simu."

"Ameizima. Yuko kikaoni."

Basi watu wamekalia madumu matupu mbele ya pampu isiyo na mkono, na mgongoni mwao Nile inapita, yote. Hakuna aliyeinuka. Ukitoka unapoteza nafasi. Nafasi ya nini, hawakuulizana.

Nikachukua madumu yangu, nikageukia mtoni. Mwanamke wa nyuma yangu alikuwa tayari anasukuma lake kwa mguu.

"Utamwogesha mtoto wa watu kwa tope?"

"Sufuria ninayo, sista. Na moto."

Wakacheka. Kicheko hakihitaji maji.

Mganda wa bodaboda alitaka bei ya kwenda mpakani Nimule. "Mama, mimi iko na mafuta kidogo." Nilimshusha bei mpaka akaapa kwamba mimi ni mtu mbaya. Nikamwambia ndiyo kwanza naanza. Tukaenda mtoni mara mbili, madumu manne. Nikayaacha maji yatulie, nikayachuja kwa kanga, nikayachemsha mpaka mkaa ukaisha. Mzazi akaoga. Mtoto akapiga kelele ndani ya beseni hadi akasikika pampuni.

Nadhani hizo ndizo zilizomleta katibu. Saa kumi na moja jioni mwenyekiti hajarudi bado, na katibu kasimama mlangoni kwa mzazi, filimbi ya kamati shingoni, kikombe mkononi.

"Mama, malesh, samahani. Hata ya chai tu."

Mzazi alimtazama, mtoto begani.

"Umeandikwa?"

Kisha akamjazia kikombe, mpaka ukingoni. Mimi ningempa nusu.