Sauti ya Baba Kwenye Diski Kuukuu

Tulikuwa tunachambua maharage, mama akasema tu, kama anayesema chumvi imeisha, kwamba ameanza kusahau sauti ya marehemu baba. Sauti hiyo ilibaki sehemu moja: video ya harusi ya kaka yangu, kwenye diski mojawapo kati ya tatu za enzi nilipokuwa na duka la kurekodi video mjini. Ipi kati ya hizo? Sikuandika kitu juu yake. Nani anaandika?

Kompyuta za siku hizi hazina hata pa kuchomeka diski hizo. Likabaki zee langu la mezani, kompyuta ya enzi zilezile, ambalo kila jirani hapa Maisaka ameshanishauri niligeuze banda la kuku. Nikalifungua, nikapachika diski zote tatu, nyaya zikaning'inia nje kama utumbo wa mbuzi. Likawaka. Nikaiona video, nikaanza kuihamishia kwenye flashi, nikaenda jikoni. Kurudi, limezima.

Nikawasha tena. Likazima tena. Mungu anisamehe maneno yaliyonitoka. Nikalibeba kwa fundi, akasema umeme hautoshi diski tatu, akabadilisha kifaa cha kugawa umeme. Kwake likafanya kazi vizuri kabisa. Kwangu, nikigeuza mgongo tu, limezima! Kisha diski ileile yenye video ikaanza kugonga, ko ko ko. Diski ikishaanza mlio huo haina siku nyingi.

Nikawasha kwa hasira, nikatoka kwenda dukani, nikakumbuka simu. Kurudi sebuleni nikamkuta mama analifunika zee langu kwa kitambaa chake cha kufuma, kile kizito cha kochi, amekikunja mara mbili na kukizungusha hadi nyuma kwenye feni.

"Mama! Kumbe ni wewe! Linapata joto, ndiyo maana linajizima!"

"Sasa umeliacha wazi na vumbi lote hili. Si umesema baba yako yumo humo?"

Nikakivuta kile kitambaa, nikakitupa kwenye kochi. Nikamwambia akae, asiguse kitu chochote. Akaenda kukaa kule mlangoni, amenuna. Nikaelekeza feni ya mezani kwenye tumbo la kompyuta, nikasimama palepale bila kubanduka mpaka video yote ikahama.

Nikaifungua. Matarumbeta, watu wanakula, kamera inayumba kwa sababu aliyeishika ni mimi. Baba akatokea na suti yake ya kuazima, sahani mkononi, akatazama pembeni ya kamera na kuita kwa sauti yake ya kukwaruza:

"Mama watoto, mbona umekaa mbali hivyo? Njoo huku."

Mama akainuka, akavuta kiti chake hadi mbele ya kompyuta.

"Nimekuja," akamwambia.