Geji Niliyomfungia Mama

Mama yangu hakuitaka ile bunduki. Nianze hapo, maana kila nikisimulia kisa hiki huwa naruka hapo.

Ilikuwa bunduki ya kuchezea, ile ya kufyatua vidonge vya rangi vinavyopasuka vikikugonga. Wakati huo nilikuwa fundi wa kila kitu katika bustani moja ya michezo ufuoni mwa ziwa, hapa Kisumu: bembea, pampu, jenereta, hata vyoo vikiziba. Watu wa maofisi walikuwa wakija Ijumaa kupigana rangi ili Jumatatu wapendane kazini, au ndivyo walivyodai wakubwa wao. Mchezo ulipokosa wateja, mwenye bustani akaniambia nijichukulie bunduki moja iliyochoka. Nikajua papo hapo pa kuipeleka. Mama hulima mpunga kule Ahero, na punje zikianza kujaa, ndege hushuka majarubani bila huruma. Kwa wiki kadhaa yeye hushinda juani akipiga debe na kurusha madonge ya matope kwa kijiti, na bega lake lilikuwa limeshaanza kumkatalia.

"Hiyo kitu itaumiza mtu," aliniambia nilipomwonyesha. "Wacha nirushe tu matope yangu."

Mimi hukasirika mtu akikataa wema wangu. Ni ugonjwa, mke wangu ameshaniambia. Badala ya kumsikiliza Mama nikatafuta njia ya kumtoa hofu, nikaona njia ni geji. Bunduki ile ilitumia gesi ya chupa ndogo, na ukifunga geji unaona msukumo wa gesi kwa macho. Nilidhani akiona, hataogopa.

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwetu Otonglo, nikaitandaza juu ya meza ya jikoni. Geji niliichomoa kwenye mtambo wa gesi ya soda uliokuwa umetupwa nyuma ya karakana ya rafiki. Ubavuni mwa bunduki palikuwa na tundu lililozibwa kwa skrubu. Nikaing'oa, nikazungushia shingo ya geji tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba, nikaikaza kwa spana huku mke wangu akinionya kuhusu meza yake. Kisha nikapaka maji ya sabuni kwenye maungio, nikafungua gesi, nikakodoa macho. Hakuna povu, hakuna gesi inayovuja. Nilijisikia mtu.

Mama hasomi tarakimu ndogo bila miwani, na miwani haendi nayo shambani. Kwa hiyo niliomba rangi ya kucha ya mke wangu, nikaweka nukta nyekundu kwenye kioo, pale mshale uliposimama.

Siku iliyofuata tukatoka kanisani, tukala, tukaenda shambani. Jua la Ahero mchana wa namna ile halina utani. Nilifyatua vidonge vitatu vya majaribio, vyote vikaanguka ndani ya shamba letu, mbali na mfereji wa maji uliopo mpakani. Ng'ambo ya mfereji alikuwa jirani wa Mama, mjane wa rika lake, naye akiwinga ndege wake kwa matope. Wale wawili wamekuwa wakipigiana kelele kuvuka maji yale tangu nikiwa mdogo, mara umbea, mara nyimbo za kanisa.

Nikamweleza Mama: mshale ukiwa kwenye nukta, piga. Ukipita nukta, usipige. Akarudia maneno yangu kama mwanafunzi, nami nikacheka. Halafu nikailaza bunduki juu ya tuta, juani, tukaketi kivulini kunywa uji. Gesi ile ikipata joto, msukumo wake hupanda, na kidonge huruka mbali zaidi. Hilo nililijua. Nimefanya kazi na chupa zile miaka, na kule bustanini tulikuwa tukizifunika kwa magunia yenye maji. Lakini siku ile nilikuwa mtoto mwema aliyemletea mama yake zawadi, na mtoto mwema hakufunika kitu.

Ndege wakaja. Mama akainyanyua bunduki, akaisogeza karibu na uso wake, hakufyatua.

"Nyathina," aliniita mtoto wake, kama anavyoniita siku zote, "hii mshale imepita alama yako."

Nikasogea nikatazama. Ulikuwa umepita, tena si kidogo. Nami nikafanya tunavyofanya mafundi wote wa huku tuliolelewa na vyombo vya mitumba. Geji ya mafuta ya pikapu ya bustani ilisoma nusu tangki mwaka mzima, ya jenereta ilikuwa imelala sifuri na jenereta inanguruma. Tumezoea kuwa geji ni pambo. Ikisema jambo usilolitaka, unaigota kwa ukucha, na ikibaki palepale unaipuuza. Nikaigota mara mbili. Mshale haukusogea.

"Hizi geji za mitumba huongopa, Mama. Piga! Piga, wanamaliza mpunga!"

Akapiga. Ndege walikuwa wameruka chini chini kuelekea mfereji, naye akawafuata na mtutu kama nilivyomfundisha. Kidonge hakikuanguka shambani kwetu. Tuliona tu jirani akiangusha kijiti chake, kisha tukasikia ukelele.

Kilimpata jicho la kushoto. Nilivuka mfereji na viatu vyangu vya kanisani, nikamkuta amepiga magoti kati ya mpunga, rangi ya samawati ikimchuruzika kwenye shavu pamoja na damu. Watu wakajaa. Mwanamume mmoja anayefungulia mashamba maji akaichukua bunduki mikononi mwa Mama na kuuliza kwa ukali, "Nani alitengeneza hii kitu?"

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Hapana, najua. Yalitoka kwenye woga wangu.

"Ilikuwa sawa," nikasema. "Mama ndiye alizungusha skrubu ya nyuma, ile ya kuongeza kasi."

Mama aliniangalia. Nilitegemea akatae, nilijiandaa hata kugombana naye mbele za watu. Badala yake akaitazama mikono yake.

"Labda niliguza," akasema. "Sikujua."

Aliniamini. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye mwanawe, basi aliyekosea akawa yeye. Naona aibu kuandika kwamba nilichokihisi kwanza kilikuwa nafuu.

Jirani alitibiwa Kisumu. Jicho halikutolewa, ila halioni zaidi ya kivuli. Mama alikwenda kwake na kuku na unga, akaomba msamaha mbele ya akina mama wa kanisa, na jirani akamsamehe, wakalia wote wawili. Msimu ule Mama aliwinga ndege wa mashamba yote mawili kwa matope, akivuka mfereji huku na huku na bega lake bovu. Nilipomwambia nitamtafutia mtu wa kumsaidia, alikataa. Alisema ni deni la mkono wake.

Mara nyingi nimekwenda Ahero nikiwa nimeyapanga maneno. Nikifika, namkuta anachambua miiba ya samaki kwa ajili ya jirani, wanataniana, nami najiambia amani hii ya nini kuivuruga. Ni uongo mwingine huo, na ninaujua.

Mwezi uliopita aliitoa bunduki chini ya kitanda, alikoificha tangu siku ile imefungwa kwenye kanga, akaniwekea mapajani.

"Nionyeshe hiyo skrubu," akasema. "Huyu mama wa ng'ambo hajawahi kuniuliza, lakini nataka nimweleze vizuri. Asikufe akifikiria nilifanya makusudi."

Tulikuwa wawili tu, mlango wazi, kuku wakiparura nje. Hakukuwa na mtu wa kumwogopa. Nikaifungua kanga, nikaigeuza bunduki, nikakishika kidole chake na kukiweka juu ya skrubu.

Akaipapasa, akashangaa ilivyo ndogo. Kisha akaniuliza aliizungusha upande gani.

Nikamwambia kulia.