Aliyepotea Nambari Saba

Mto ulipoamua kuingia majumbani, uliingia bila hodi. Makochi yalielea hadi sokoni, sufuria zikagongana njiani kama zinasalimiana, na kuna jogoo aliyepanda juu ya kabati akasafiri nalo siku mbili, akiwika kila linapogonga nguzo. Waliookolewa wakalazwa shuleni. Afisa ustawi wa jamii akapewa darasa la tatu, jedwali la kuzidisha likiwa bado ubaoni.

Afisa mwenyewe ni mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mrefu kama ngazi. Meza yake ilikuwa dawati la mtoto. Magoti yakagoma kuingia, akakaa upandeupande. Watu walimwita Fomu, maana ukimsalimia anakuuliza kaya yako ina watu wangapi. Miaka kumi na saba ya kazi: soko likiungua, kipindupindu kikiingia, ghorofa likianguka, yeye yupo na kalamu mbili, moja ya akiba. Zimamoto hukunja mipira yao wakaenda zao. Kazi ya Fomu ndiyo kwanza inaanza. Alikuwa na sheria moja, aliyoachiwa na bosi wake wa kwanza: andika neno la mtu kama alivyolitamka, usilipambe, usilipunguze.

Jumatatu akaketi mbele yake bibi muuza mkaa, mguu mmoja una kiatu, wa pili hauna.

"Bibi, kwako kuna aliyepotea?"

"Yupo. Mwanangu wa kiume. Amepotea."

"Pole sana, bibi. Yukoje?"

"Fundi friji. Ana miaka arobaini na mbili na pengo hapa mbele. Mbishi."

Fomu akaandika: aliyepotea nambari saba. Na neno mbishi akaliandika, kwa sababu ya ile sheria.

Hadi Jumatano nambari sita za kwanza zilikuwa zimepatikana, wanne hai, wawili marehemu. Ikabaki saba. Redio ilimtangaza kila taarifa ya habari. Mkuu wa wapiga mbizi akaja akichuruzika maji darasani.

"Dada Fomu, tumetoa magodoro, pikipiki, na mlango ukiwa na funguo zake. Huyo fundi wako kageuka kambare?"

"Tafuteni tena."

Kilichomkera Fomu kilikuwa kingine. Ijumaa basi lingekuja kuchukua wazee wasio na ndugu, liwapeleke makao ya wazee, safari ya siku nzima. Bibi, ambaye ndugu yake wa pekee ndiye nambari saba, alikuwa kwenye orodha. Fomu aliwahi kupeleka wazee huko baada ya ghorofa kuanguka. Walilishwa vizuri, waliogeshwa, kisha mmoja mmoja wakaacha kuongea.

Alhamisi mchana akaenda kukaa mkekani kwa bibi.

"Bibi, mara ya mwisho ulimwona wapi?"

"Mlangoni kwangu, anafunga kamba za viatu."

"Maji yalikuwa yamefika wapi?"

"Maji gani tena? Ilikuwa kiangazi cha mwaka juzi."

Kalamu ikasimama.

"Bibi! Si ulisema amepotea?"

"Mtu hapigi simu, haji, mwaka na nusu. Nyie kwenu mnasemaje? Si amepotea?"

"Anaishi wapi?"

"Ng'ambo ya daraja, mtaa wa pili. Nimfuate, kwani nimemkosea mimi?"

Kicheko kikampanda Fomu hadi kooni, akakimeza kama kidonge kichungu. Akatoka nje, akawapigia wapiga mbizi watoke majini. Redioni hakupiga. Alijiambia amesahau.

Saa kumi alasiri mlangoni pakawa na zogo.

"Nipishe, mzee!" mtu alikuwa akimfokea mlinzi. "Mimi ndiye maiti!"

Akaingia fundi friji, pengo lake na jasho lake.

"Mama! Nimetangazwa redio nzima! Shemeji zangu wameshaanza kugombea baiskeli yangu!"

Bibi akamtazama juu hadi chini. "Umepotea sana, mwanangu."

"Nimepotea? Wewe ndiye uliyenikosea! Nilikuletea friji nzima nzima, ukaweka mkaa ndani!"

"Na ndio mkaa pekee mtaani uliobaki mkavu."

Darasa zima likacheka. Fundi akajifuta jasho.

Fomu akamsogezea karatasi. "Kesho saa mbili asubuhi kuna basi la wazee wasio na ndugu. Saini hapa kama anaye."

"Chumba changu kidogo, dada. Watoto wanne. Na huyu mama ni mbishi, hamumjui."

Fomu akampa ile kalamu ya akiba. Bibi akageukia dirisha, akajifanya anahesabu vigae vya paa la jengo la mbele, bati tupu lisilo na kigae. Fundi akaizungusha kalamu vidoleni, akamtazama mama yake mguu ule usio na kiatu, akasaini huku akinung'unika.

"Ila mkaa ukae nje."

"Kwako friji iko wapi kwanza?" bibi akauliza.

Kwenye daftari Fomu akajaza: nambari saba, amepatikana, hai. Mahali: kwa mama yake.

Ijumaa basi liliondoka na wazee kumi na mmoja, kiti cha kumi na mbili kikawekwa begi la dereva. Fomu alibaki darasani na rula, akichora kwenye fomu zote zilizobaki safu moja mpya, na juu yake akaandika kwa mkono: Tangu lini?